Kuona Ukungu, Kuona Giza: Dawa za Unyogovu na Macho ya Mgonjwa wa Sondu

Utangulizi

Swali la iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi limejadiliwa kwa muda mrefu katika vikao vyetu, na mara nyingi limejibiwa kwa kutaja kamusi na orodha za istilahi. Makala haya yanalijibu kwa njia nyingine. Yanachukua jambo moja la kitabibu, yaani namna dawa za kutibu unyogovu zinavyoathiri uwezo wa kuona, na kulieleza kuanzia kwenye maneno ambayo mgonjwa mwenyewe huyatamka anapoketi mbele ya mhudumu wa afya. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili tayari kina maneno ya kutenganisha kero inayopita na hatari inayoweza kupofusha. Maneno hayo yakitumiwa sawasawa, mgonjwa huendelea na tiba yake kwa utulivu na jicho lililo hatarini huokolewa mapema. Yakichanganywa yote na kuitwa "haoni vizuri," mambo yote mawili hupotea.

Tumeichagua Sondu kwa sababu maalumu. Mji huu mdogo wa soko uko kandokando ya Mto Sondu, katika barabara itokayo Ahero kwenda Oyugis na Kisii, pale ambapo kaunti ya Kisumu inapakana na Kericho, na si mbali na Homa Bay. Siku ya soko hukutana hapo Wajaluo wa Nyakach, Wakipsigis kutoka upande wa juu na Wakisii waliokuja na mazao yao. Jicho kwa Mjaluo ni *wang'*. Kwa Mkipsigis ni *konda*. Kwa Mkisii ni *eriso*, neno ambalo mwanafunzi wa isimu atalitambua kuwa ni ndugu wa *jicho* letu. Muuguzi aliyezaliwa upande mmoja wa mto hana budi kumhudumia mgonjwa aliyezaliwa upande wa pili, na mara nyingi daraja lao ni Kiswahili. Kwa hiyo, katika mahali kama hapa, usahihi wa Kiswahili ni sehemu ya tiba yenyewe.

Unyogovu na majina yake

Kabla ya kuzungumzia dawa, hatuna budi kuutaja ugonjwa. Nchini Tanzania neno *sonona* limeenea katika maandishi ya afya. Nchini Kenya *unyogovu* na *mfadhaiko* husikika zaidi, ilhali watu wengi mitaani husema *msongo wa mawazo* au *stresi*. Maneno haya hayalingani. Msongo wa mawazo unaweza kumpata mtu yeyote mwenye deni au mwenye mtihani kesho, nao hupungua sababu inapoondoka. Unyogovu ni ugonjwa: huzuni au kukosa hamu ya mambo kunakodumu kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na kuvurugika kwa usingizi, kupungua kwa nguvu, kujilaumu, na wakati mwingine mawazo ya kujiua. Katika Dholuo neno *parruok*, lenye dhana ya fikira nyingi na wasiwasi, hutumika kwa yote mawili, na anayelitafsiri kwa Kiswahili hulazimika kuamua anakusudia lipi.

Shirika la Afya Duniani, katika makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017, lilisema kwamba watu wapatao milioni 1.9 nchini Kenya walikuwa na unyogovu. Mwaka 2020 jopokazi la taifa kuhusu afya ya akili lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Eneo la Sondu lina sababu zake pia za majonzi. Mnamo Oktoba 2023 mapigano katika mpaka wa Kisumu na Kericho yaligharimu maisha ya watu na nyumba zikachomwa. Aidha, kanda yote ya ziwa imebeba mzigo mkubwa wa Virusi vya Ukimwi kwa miongo kadhaa, na maradhi ya kudumu ni jirani wa karibu wa unyogovu.

Dawa zenyewe

Dawa za unyogovu zinazopatikana katika vituo vya umma nchini Kenya ni chache, na mbili ndizo zinazojulikana zaidi: amitriptilini na fluoksetini. Zote mbili zimo katika orodha ya taifa ya dawa muhimu.

Amitriptilini ni mzee wa ukoo. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alieleza jinsi imipramini ilivyowainua wagonjwa wake wenye huzuni nzito, na miaka michache baadaye, mwaka 1961, amitriptilini ikaingia sokoni. Dawa hizi zilitokana na utafiti uliozaa pia dawa za mzio na za usingizi, na undugu huo haujafutika. Ndiyo maana amitriptilini humletea mtu usingizi na kumkausha kinywa, kama inavyofanya Piriton ambayo wengi wetu tumeimeza kwa ajili ya mafua. Fluoksetini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1987 na kupata umaarufu kwa jina la Prozac, ilitengenezwa ilenge jambo moja zaidi, yaani kuongeza nguvu ya serotonini katika ubongo bila kugusa mengine mengi. Kwa sababu hiyo huyasumbua macho kwa kiasi kidogo zaidi, ingawa haiyaachi kabisa.

Jambo moja lisisahaulike. Amitriptilini haitolewi kwa wenye unyogovu peke yao. Hutolewa pia, kwa kawaida kwa kiasi kidogo, kwa watu wenye maumivu ya neva: wenye kisukari wanaochomwachomwa na miguu, na wale ambao neva zao ziliharibiwa na Virusi vya Ukimwi au na baadhi ya dawa za zamani za virusi hivyo. Mtu anaweza basi kuimeza kila usiku bila kujua kwamba ni dawa ya unyogovu, na ukungu unapomjia machoni asiihusishe hata kidogo na kile kidonge kidogo cha miguu.

Jicho na mjumbe wake

Ili tuelewe kinachotokea, tulitazame jicho. Mboni, ile sehemu nyeusi ya katikati, ni tundu la kupitishia mwanga. Linazungukwa na irisi, pazia la misuli lenye rangi, linalolipanua tundu gizani na kulibana penye mwanga. Nyuma yake kuna lenzi, nayo imezungukwa na misuli midogo. Mtu anapotazama mlima ulio mbali, misuli hiyo hulegea na lenzi hubaki bapa. Anapotazama sindano au ujumbe katika simu, misuli hukaza na lenzi hufutuka ili kukileta kitu cha karibu katika ubainifu. Kazi hii hufanyika mara maelfu kwa siku bila sisi kuitambua.

Misuli ya kubana mboni na ile ya kufutua lenzi hupokea amri kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Tuichukulie kuwa ni mjumbe anayebisha hodi mlangoni mwa msuli. Amitriptilini huja na kukaa mlangoni, mjumbe akabisha asifunguliwe. Kwa hiyo mboni hubaki wazi kupita kiasi na lenzi husita kufutuka. Tezi za machozi nazo humsikiliza mjumbe huyu huyu, hivyo machozi hupungua. Kinywa kikavu, choo kigumu na mkojo unaotoka kwa shida ni matokeo ya mlango huo huo kufungwa mahali pengine mwilini.

Mkulima wa Nyakach au wa Kericho anaujua mmea unaofanya kazi hiyo hiyo kwa ukali mkubwa. Ni mnanaha, gugu lenye maua kama tarumbeta na matunda yenye miiba, linaloota kandokando ya njia na katikati ya mahindi. Ndani yake mna atropini. Aliyekula mbegu zake hupanuka mboni, hukauka kinywa, huona vibaya na hata kuweweseka. Daktari wa macho hutumia matone ya jamii ya atropini anapotaka kuipanua mboni ili achungulie ndani. Amitriptilini kwa kipimo cha kawaida haifikii sumu ya mnanaha, lakini njia ni moja.

Maneno ya mgonjwa na maana zake

Sasa tuyachukue maneno ya mgonjwa, moja baada ya jingine.

*"Naona ukungu."* Haya ndiyo malalamiko ya kawaida kwa atumiaye amitriptilini. Mhudumu akiuliza swali la pili, yaani ukungu huo uko karibu au mbali, mara nyingi atajibiwa kwamba ni karibu. Mshonaji hushindwa kutunga uzi. Muuza maharagwe hushindwa kutenganisha mbegu na vijiwe. Mwenye duka hulazimika kuinyoosha mikono mbele ndipo asome ujumbe wa M-Pesa. Hali hii huja katika siku za kwanza za tiba au baada ya kipimo kuongezwa, huyapata macho yote mawili, na haina maumivu. Chanzo chake ni lenzi iliyosita kufutuka. Kwa watu wengi hupungua baada ya majuma kadhaa, na kipimo kikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, huondoka. Aliyevuka miaka 40 huusikia zaidi, kwa kuwa lenzi yake ilikwisha kuwa ngumu kwa umri. Dawa huondoa kidogo kilichokuwa kimebaki.

*"Mwanga unaniumiza."* Mboni iliyopanuka huingiza mwanga mwingi kupita kiasi. Mchana jua la ukanda wa ziwa humchoma mtu machoni. Usiku taa za magari humpofusha kwa muda. Kwa mwanafunzi wa darasani hii ni kero tu. Kwa mwendesha bodaboda anayetoka Sondu kwenda Katito baada ya machweo ni suala la uhai, naye anapaswa kuambiwa mapema asiendeshe usiku mpaka ajue dawa inamfanyaje.

*"Macho yana mchanga."* Ni kukauka kwa machozi. Vumbi na moshi wa kuni huzidisha hali hii. Matone ya machozi bandia husaidia. Linalopaswa kuepukwa ni kununua matone yoyote kwa kubahatisha, kwani baadhi yake yana dawa za jamii ya steroidi ambazo, zikitumiwa kwa muda bila uangalizi, huongeza shinikizo ndani ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Vivyo hivyo maji ya mitishamba yanayotiwa jichoni huweza kuujeruhi utando wa mbele wa jicho kwa namna isiyorekebishika.

*"Naona giza."* Hapa Kiswahili kinatuonyesha njia, madhali giza si ukungu. Mtu anayesema kwamba anaona giza *anapoinuka* kitandani au kutoka kwenye kigoda hana tatizo la jicho. Amitriptilini huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa nukta chache. Dawa yake ni kuinuka polepole, kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, na kumjulisha mhudumu, hasa ikiwa mgonjwa ni mzee na ana hatari ya kuanguka.

*"Naona maluweluwe."* Hili ni neno zito. Maluweluwe ni kuona visivyokuwapo. Kwa mtumiaji wa dawa hizi huweza kuashiria kipimo kilichozidi, au mrundikano wa dawa kadhaa zinazofunga mlango ule ule: amitriptilini ya usiku, Piriton ya mafua, Buscopan ya tumbo, na benzheksoli ambayo hutolewa pamoja na baadhi ya dawa za kichaa. Kila moja kivyake huenda isilete taabu. Zikikutana, hasa kwa mtu mzima sana, humvuruga. Mgonjwa wa namna hii hasubiri kliniki ya juma lijalo.

*"Naona duara za rangi kwenye taa, na jicho linauma."* Haya ndiyo maneno ambayo kila mhudumu na kila jamaa wa mgonjwa anapaswa kuyatega sikio, na tutayaeleza kwa kirefu.

Pembe inayoziba

Ndani ya sehemu ya mbele ya jicho hutiririka majimaji safi. Hutengenezwa nyuma ya irisi, hupita kwenye mboni, kisha hutoka kupitia mfereji ulio katika pembe, pale irisi inapokutana na ukuta wa mbele wa jicho. Kinachoingia na kinachotoka vikilingana, shinikizo la jicho hubaki kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Kuna watu waliozaliwa na pembe nyembamba. Wengi wao hawajui, kwa kuwa hawasikii chochote. Wenye macho mafupi, yaani wale ambao tangu ujana huhitaji miwani ya kuongeza ili waone karibu, wamo katika hatari zaidi, na hatari hukua kwa umri lenzi inapozidi kunenepa. Kwa mtu wa aina hii dawa inapoipanua mboni, irisi hujikunja pembeni kama pazia lililokusanywa dirishani, na kuziba mfereji. Majimaji huendelea kutengenezwa lakini hayana pa kutokea, kama mtaro wa soko uliozibwa taka siku ya mvua kubwa. Shinikizo hupanda ghafla na huweza kupita milimita 40. Neva ya jicho, inayopeleka picha kwenye ubongo, huanza kufa. Upofu wa kudumu huweza kuja katika muda wa saa au siku chache.

Dalili zake ni jicho kuuma sana, aghalabu moja, kuwa jekundu, kuona duara za rangi kuzunguka taa, kuona vibaya ghafla, kuumwa kichwa, kichefuchefu na kutapika. Fluoksetini na wenzake huweza pia kuleta hali hii, kwa kuwa serotonini nayo ina sauti katika upanukaji wa mboni. Ni nadra, lakini onyo hilo limo katika maelezo rasmi ya dawa hizo.

Msomaji azitazame tena dalili mbili za mwisho. Katika kanda ya ziwa, ambako malaria haijaisha, mtu anayeumwa kichwa na kutapika huwaziwa malaria kabla ya kitu kingine chochote. Hilo lina mantiki yake. Lakini mgonjwa akizungumza kichwa na tumbo tu, na asiulizwe habari za jicho, anaweza kurudi nyumbani na dawa za malaria huku jicho likiangamia. Sentensi moja ya Kiswahili, "Je, jicho linauma, na taa unazionaje?", huweza kubadili mwelekeo wa siku ile. Akigunduliwa mapema hupelekwa kwa haraka penye wataalamu wa macho, hupewa dawa za kupunguza majimaji na matone ya kuibana mboni, na baadaye hutobolewa tundu dogo katika irisi kwa mwale wa leza ili hali isirudi. Huduma ya namna hiyo hutafutwa katika hospitali kubwa, mathalani ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, au katika hospitali maalumu ya macho ya Sabatia katika kaunti ya Vihiga.

Tahadhari ya istilahi yafaa hapa. Watu wengi huita glakoma ya aina zote *presha ya macho*. Glakoma iliyo ya kawaida zaidi miongoni mwa Waafrika ni ile ya pembe iliyo wazi, inayokuja kimya kimya kwa miaka mingi bila maumivu. Hiyo si ile tuliyoieleza. Mgonjwa aliyeambiwa zamani kwamba ana presha ya macho hapaswi kuificha habari hiyo anapoandikiwa dawa ya unyogovu, wala hapaswi kuikataa dawa kabla hajajua ana aina ipi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walinena. Na katika suala hili, upofu.

Yasiyotokana na dawa

Ingekuwa kosa kuitwika dawa ya unyogovu kila lawama. Ukungu wa mbali unaoongezeka mwaka hadi mwaka huenda ni mtoto wa jicho. Kisukari huharibu retina. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza ethambutoli akianza kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, chanzo huenda ni dawa hiyo ya kifua kikuu, na anapaswa kurejea kliniki mara moja. Swali la "unatumia dawa gani nyingine?" basi si la kupoteza wakati.

Tena unyogovu wenyewe hugusa uoni. Mnamo 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba retina za wagonjwa wa unyogovu ziliitikia kwa unyonge tofauti za weusi na weupe, zikilinganishwa na za watu wazima wa afya. Waswahili wamesema tangu zamani kwamba mwenye huzuni dunia humwia kiza. Tulidhani ni sitiari. Yaelekea ndani yake mna chembe ya ukweli wa kimwili. Kwa mgonjwa maana yake ni hii: si kila kufifia kwa ulimwengu kulianza na kidonge, na kufifia kwingine huisha kwa kidonge hicho hicho.

Neno "madhara" na hatari ya kuacha dawa

Tumefika kwenye kiini cha suala kwa upande wa lugha. Katika maandishi mengi ya afya, matokeo yote ya dawa yasiyokusudiwa huitwa *madhara*. Neno hili linatokana na *dhara*, yaani jambo la kuumiza na kuharibu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa yake "ina madhara kwa macho" anasikia kwamba inaharibu macho. Kisha anapoona ukungu siku ya tatu, anaamini kwamba uharibifu umeanza, naye huacha.

Hapa pana mtego wa wakati. Matokeo yasiyotakiwa huja katika siku za kwanza, ilhali nafuu ya unyogovu huchukua majuma mawili hadi manne kuanza kuonekana, na wakati mwingine zaidi. Katika juma la kwanza mgonjwa analipa gharama bila kupokea chochote. Ndipo wengi huweka vidonge juu ya kabati. Kuacha ghafla baada ya kuzoea dawa huweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi na wasiwasi, mambo ambayo mgonjwa hudhani ni sumu ya dawa ikitoka. Lililo zito zaidi ni kwamba unyogovu usiotibiwa hurudi, na unyogovu huua.

Tunapendekeza basi maneno matatu badala ya moja. *Athari* liwe jina la jumla la lolote lifanywalo na dawa mwilini, jema au baya. *Kero* liwe jina la athari isiyotakiwa ambayo haiharibu kiungo, kama ukungu wa karibu na macho makavu. *Dalili ya hatari* liwe jina la jambo linalomtaka mgonjwa aondoke nyumbani saa ile ile, kama jicho linalouma na duara za rangi. *Madhara* libaki kwa pale ambapo kiungo kimeharibika kweli. Haya si maneno mapya. Ni kuyagawia kazi maneno tuliyo nayo.

Tuchukulie mhudumu anamwandikia amitriptilini mama wa makamo anayeuza omena sokoni. Anaweza kumwambia: "Mama, dawa hii utaimeza usiku. Siku za kwanza huenda ukaona ukungu ukitazama vitu vya karibu, na kinywa kikauke. Hiyo ni kero, haiharibu macho, nayo hupungua. Inuka polepole asubuhi. Usiiache bila kuniambia. Ikikushinda, tutapunguza au tutabadilisha. Lakini jicho likiuma, likawa jekundu, au ukaona duara za rangi kwenye taa, njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku." Maelezo hayo hayachukui hata dakika moja.

Wala si hisani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa faida na hatari za matibabu, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Pia, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea taarifa za athari zinazoshukiwa kutokana na dawa. Taarifa hizo huwa na thamani zikiandikwa kwa usahihi, na usahihi huo huanza na kile mgonjwa alichosema.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba dawa za unyogovu, hasa amitriptilini, huathiri uoni kwa kumzuia mjumbe anayeamuru mboni na lenzi. Kwamba athari nyingi ni kero zinazopita. Na kwamba chache ni za hatari na zina dalili zinazotambulika. Tumeonyesha pia kwamba ukungu, giza, mchanga, maluweluwe na duara za rangi ni maneno matano yenye maana tano za kitabibu, na kwamba msemaji wa kawaida wa Kiswahili huyatenganisha bila kufundishwa.

Kazi inayobaki ni yetu sisi wanafunzi na walimu wa lugha. Wenzetu wa vitivo vya tiba hujifunza magonjwa kwa Kiingereza, kisha hupelekwa vituoni wakazungumze na watu wa Sondu. Chama chetu kikiketi nao na kuandaa kurasa chache za maswali na majibu kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka sokoni, kuanzia na maswali haya ya macho, kitakuwa kimefanya istilahi kuwa jambo la manufaa. Tuanze na swali lile moja: ukungu uko karibu au mbali, na jicho linauma au haliumi?